Miksa za dijitali: cheki umeme kwanza

Wadau, fundi mitambo mmoja wa Geita kaniuliza kama auze miksa yake ya analojia achukue ya dijitali. Mi naona inalipa, ila inategemea. Mfano Behringer X32, iliyotoka 2012: inapokea maiki 32, eko na kompresa zimo humohumo. Sauti za bendi ukishazipanga Shinyanga unazisevu kwenye flashi, kesho Kahama unazifungua, unarekebisha kidogo tu kufuata ukumbi. Ukiwa na boksi lake la jukwaani, waya mmoja wa mtandao unafika hadi mita 100, unasahau lile linyoka la nyaya.

Kasheshe ni umeme. Ukikatika na kurudi, analojia inalia palepale. Hii inajiwasha upya kama kompyuta, harusi nzima inakukodolea macho! Kama hela ya UPS haipo, bora abaki na yake.