ALIYEUMIZWA NA LORI, NA NJIA YA KUITAFUTA HAKI YAKE

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaoyasoma maneno haya katika kitabu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kila mkaaji wa kando ya barabara kuu ya Kenya amepata kuliona au kulisikia. Barabara ile hutoka bandarini Mombasa, ikapita Nairobi na Nakuru, ikafika Malaba mpakani. Usiku na mchana malori huipita yakichukua mizigo ya Kenya, na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo. Mizigo ile ni riziki ya watu wengi. Lakini lori zito likishindwa kusimama, halichagui la kugonga.

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, penye njia panda ya Londiani katika jimbo la Kericho, lori lililochukua kontena liliacha njia likawaingilia wachuuzi, wapita njia na abiria wa matatu. Watu zaidi ya 50 walikufa, na wengine wengi wakaumia. Magazeti huandika habari za namna hiyo siku chache, kisha hunyamaza. Lakini mtu aliyevunjika nyonga hubaki nayo. Mazungumzo yetu leo ni ya mtu huyo: afanye nini ili sheria imsaidie?

Ili maneno yetu yaeleweke, na tuchukue mfano. Mama mmoja auza mboga kando ya njia. Lori laacha lami, lamponda mkono wa kuume. Yeye ndiye alishaye nyumba yake. Tumfuate mama huyu hatua kwa hatua.

Kesi mbili, si moja

Watu wengi hudhani kwamba polisi wakimshitaki dereva, basi kesi ya aliyeumia imekwisha. Sivyo. Kesi ya polisi ni ya Serikali na dereva. Dereva akitozwa faini, fedha ile haiendi kwa mama wa mboga. Yaingia hazina ya Serikali. Fidia ya mkono wake hana budi kuidai mwenyewe katika kesi ya pili, nayo ni kesi ya madai.

Tena kesi hizi hazipimwi kwa mizani moja. Katika kesi ya jinai hakimu hataki kubakiwa na shaka ya maana. Katika madai, hutazama upande upi una ushahidi mzito kuliko mwenziwe. Kwa hiyo, hata dereva akiachiliwa, mama bado aweza kudai. Na dereva akitiwa hatiani, hukumu ile yaweza kuletwa mahakamani kuwa ushahidi wa kumsaidia.

Mambo ya siku za kwanza

Kwanza ni hospitali, maana uhai hutangulia mali. Lakini jamaa za mgonjwa wasikae bure. Waandike nambari ya lori. Na kama lina tela, waandike nambari mbili, kwa sababu kichwa na tela kila kimoja kina nambari yake (ya tela huanza kwa herufi Z), na huenda kichwa ni cha mtu huyu na tela ni la mwingine. Watwae majina na simu za walioona. Wapige picha za mahali pale kabla magari hayajaondolewa na mvua haijafuta alama za magurudumu.

Kisha waende kituo cha polisi. Sheria ya barabarani humtaka dereva aliyeumiza mtu atoe habari kwa polisi upesi iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Lakini yafaa aliyeumia asitegemee uaminifu wa dereva. Jamaa zake waombe nambari ya kitabu cha matukio, yaani OB. Baadaye wataomba karatasi ya muhtasari wa ajali, ambayo watu huiita abstrakti, na fomu ya P3 ambayo daktari huijaza na kueleza majeraha. Karatasi ya muhtasari huonyesha jina la mwenye gari na kampuni ya bima, nayo ndiyo nguzo ya kwanza ya kesi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twasema, na maumivu bila daftari vivyo hivyo. Kila risiti ya dawa, ya gari la wagonjwa, ya nauli na ya magongo itiwe katika bahasha moja. Tutaeleza sababu yake mbele.

Wageni wa kitandani

Mama wa mboga hajaamka sawasawa, na tayari wageni wawili wamefika wodini. Wa kwanza asema ametumwa na wakili mkubwa, atia mbele karatasi, na kusema, "Tia kidole hapa, sisi tutashughulika." Huyu ni dalali wa kesi. Sheria ya mawakili ya Kenya huwakataza watu kwenda kuvua kesi hivi. Mgonjwa hana sharti lolote la kumpokea. Na ampe jibu la upole, kwamba atatafuta wakili wake mwenyewe atakapopata nafuu.

Mgeni wa pili aja na fedha. Huenda ametoka kwa mwenye lori au kwa kampuni ya bima. Asema, "Chukua shilingi elfu sitini, tumalize kindugu." Na karatasi yake yasema kwamba anayeweka sahihi amepokea malipo yote, wala hatadai tena kamwe. Si kwamba mapatano ni mabaya. Kesi nyingi huishia kwa mapatano, na mapatano mema huokoa muda. Ubaya ni kupatana kabla ya kujua hasara. Siku ya tatu hakuna daktari awezaye kusema kwa hakika kama mkono utarudi kushika jembe. Akipokea elfu sitini leo, na miezi sita baadaye mkono ukafa ganzi, karatasi ile itamfungia mlango. Basi asitie sahihi wala kidole kabla hajasomewa maneno yote na mtu anayemtumaini, na kabla daktari hajasema neno lake.

Nani wa kudaiwa

Mtu atauliza, dereva ni maskini, tutapata nini kwake? Sheria imelijibu swali hili zamani. Mtumishi akikosea katika kazi ya bwana wake, bwana hujibu pamoja naye. Kwa hiyo mama atawadai wote wawili, dereva na mwenye lori. Mwenye lori hutafutwa katika daftari la Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, na yule aliyeandikwa humo huhesabiwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine.

Nyuma ya hao imesimama bima. Sheria ya Kenya humlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kuwalinda watu wengine barabarani. Kampuni ya bima yawajibika kulipa hukumu, lakini kwa mtu mmoja haipiti shilingi 3,000,000. Ikizidi hapo, ziada hudaiwa kwa mwenye lori. Tena kampuni haiwajibiki kama haikupewa habari ya kesi kwa wakati uliowekwa. Kwa hiyo wakili mwangalifu huiandikia kabla hajafungua kesi. Na lori likiwa limetoka nchi jirani kama Uganda au Rwanda, mtu asikate tamaa: kuna bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, iliyowekwa kwa ajili ya magari yavukayo mipaka.

Lakini kuna watu wawili ambao njia yao ni tofauti, na yafaa wajue. Wa kwanza ni utingo na kila mfanyakazi wa lori. Akiumia kazini, njia yake dhidi ya tajiri wake ni Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007. Ampe tajiri habari mara moja, naye tajiri ampelekee Mkurugenzi wa Usalama Kazini habari hiyo katika siku 7. Wa pili ni yule apandaye juu ya mizigo kwa kuomba lifti. Bima ya lori la mizigo hailazimishwi kumlinda abiria wa namna hiyo, na mwenye lori huenda akasema kwamba hakumruhusu dereva kupakia watu. Mtu huyo huweza kuumia kama wengine wote, akakosa wa kumlipa. Nauli aliyookoa ni ndogo sana kuliko hasara hiyo.

Kumchagua wakili

Si lazima kisheria kuwa na wakili, ila kesi ya majeraha ina mitego mingi. Wakili wa kweli ameandikwa katika orodha, na kila mwaka hutwaa cheti cha kufanya kazi. Chama cha Mawakili cha Kenya chaweza kuulizwa kama fulani anacho. Kuuliza si utovu wa adabu. Hata fundi wa nyumba huulizwa amejenga wapi.

Mapatano ya ujira yaandikwe. Na hapa tutoe onyo. Huenda wakili akasema, "Usinilipe kitu, tukishinda tutagawana, tukishindwa basi." Maneno haya ni matamu, lakini katika Kenya mapatano ya kulipwa kwa kushinda tu hayana nguvu ya sheria. Mtu asiye na uwezo aulize habari za msaada katika Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Fedha za fidia zikifika mkononi mwa wakili, mdai ana haki ya kupewa hesabu yake yote, senti kwa senti. Akinyimwa, iko Tume ya Malalamiko juu ya Mawakili.

Fidia huhesabiwaje

Hakimu hatoi fidia kwa kuhurumia machozi. Huigawa katika mafungu. Fungu la kwanza ni la maumivu na ulemavu. Hapa hutazama ripoti ya daktari, na kesi za zamani zilizofanana na hii. Fungu la pili ni la fedha zilizokwisha kutumika. Hapa hakimu ni mkali: kila senti iwe imetajwa katika madai na kuthibitishwa. Ndiyo sababu ya ile bahasha ya risiti. Fungu la tatu ni la riziki iliyopotea. Mama wa mboga hana karatasi ya mshahara, lakini aweza kuleta daftari la biashara, kumbukumbu za fedha zilizopita katika simu, au risiti za ushuru wa soko.

Hakimu huuliza pia kama aliyeumia alikuwa na kosa lake. Kama mama alitandaza mboga zake juu ya lami yenyewe, huenda akaambiwa kwamba alichangia ajali, na fidia ikapunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Haki yake haifutwi yote, bali hupungua. Basi asimfiche wakili wake jambo lo lote. Lililofichwa hutolewa na wakili wa upande wa pili, tena mbele ya watu.

Na aliyeumia akifa, haki haizikwi pamoja naye. Mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea wana sheria yao ya kudai kwa ajili ya kifo. Mtoto mdogo akiumia, mzazi au mlezi humfungulia kesi kwa niaba yake.

Saa ya sheria

Twamaliza kwa jambo ambalo limewanyima haki watu wengi. Madai ya majeraha ya ajali katika Kenya yana muda wa miaka 3 tangu siku ya ajali. Na kwa waliofiwa, miaka 3 tangu siku ya kifo. Lori likiwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Muda ukipita, mlango hufungwa, hata kama mkono umekatwa na mashahidi ni mia. Mahakama ina nafasi nyembamba ya kuongeza muda kwa mtu ambaye hakuyajua mambo makubwa ya kesi yake. Kusahau na kungojea si sababu. Nayo mazungumzo na kampuni ya bima hayaisimamishi saa hii. Wapo wanaoambiwa "njoo mwezi ujao" mpaka mwaka wa tatu uishe. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Basi, wasikilizaji wetu, haya ndiyo ya kukumbuka: nambari ya gari, mashahidi, polisi, daktari, bahasha ya risiti, kutoweka sahihi kwa haraka, wakili mwenye cheti, na kuihesabu miaka. Fidia haitaurudisha mkono wa mama wa mboga. Lakini huenda ikamwekea mtoto wake shuleni, ikamlipia msaidizi sokoni, akaendelea kula jasho lake mwenyewe. Kama mwamjua mtu aliyelala kitandani kwa ajali ya namna hii, msomeeni maneno haya kabla wale wageni wawili hawajafika.