Kabla hujatupa hiyo bodi, kagua kompaila

VIJANA wengi wanaonunua bodi ndogo kama Raspberry Pi ili waunde kamera ya kulinda ploti au kifaa cha kupima maji kwenye tangi, hukwama mapema. Programu inaenda fiti kwenye laptopu, lakini ikihamishiwa bodi inagoma. Wengi huamua kwamba wameuziwa bodi mbovu. Pesa zimeenda, mradi unaishia kwenye droo.

Mara nyingi bodi ni nzima kabisa. Shida ni lugha. Laptopu nyingi zina prosesa ya x86-64, nayo bodi ina ya ARM, na maagizo ya moja hayaeleweki na nyingine. Ndiyo maana bodi hukujibu "Exec format error".

Mbona basi usijengee programu kwenye bodi yenyewe? Unaweza, ila Pi Zero ina RAM ya MB 512 tu, na mradi mkubwa utakuweka saa nyingi ukingoja. Chipu kama STM32, kwa kawaida, hata hazina mfumo endeshi wa kubeba kompaila. Suluhu ni kompaila inayokaa kwenye laptopu lakini inayotoa programu ya ARM.

Kwa anayetumia Ubuntu au Debian, haigharimu chochote ila bando:

sudo apt install gcc-arm-linux-gnueabihf

Jina hilo refu lisikutishe, lisome kama anwani. "arm" ni ukoo wa prosesa, "linux" ni mfumo endeshi, "gnu" ni maktaba ambazo programu itategemea. Zile herufi "hf" mwishoni zinaonyesha kwamba hesabu za desimali zinafanywa na prosesa yenyewe. Kama bodi inatumia mfumo wa biti 64, chukua gcc-aarch64-linux-gnu. Kwa STM32 ni gcc-arm-none-eabi. "None" yaani hakuna mfumo endeshi.

Ukishajenga programu, usikimbilie bodi. Andika amri ya "file" ikifuatwa na jina la programu. Ukiona x86-64, umetumia kompaila ya kawaida ya laptopu. Ukiona ARM, songa mbele.

Hata hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ujumbe kwamba "GLIBC_2.34" haipatikani. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, lakini bodi yenye Debian 11 ina 2.31. Programu yako inadai maktaba mpya kuliko iliyo kwenye bodi. Nakili folda za /lib, /usr/lib na /usr/include kutoka kwa bodi hadi laptopu, kisha uielekeze kompaila huko kwa --sysroot. Kwa programu ndogo, neno -static linatosha, kwani maktaba zinafungwa ndani ya programu yenyewe.

Mtego wa pili ni "Illegal instruction". Huu huwapata sana wenye Pi Zero ya kwanza, ambayo prosesa yake ni ARMv6. Kompaila ya Ubuntu hulenga ARMv7. Kuongeza -march=armv6 pekee hakusaidii, kwa sababu vipande vya maktaba vinavyounganishwa na programu tayari ni vya ARMv7. Hapa tumia Buildroot au crosstool-NG, programu za bure zinazokujengea kompaila inayolingana na bodi yako. Ziache zifanye kazi usiku, na uhakikishe laptopu iko kwa stima.

Mashine za kuuza maji mtaani, mita za tokeni na sola za lipa mdogo mdogo huwa na chipu ndogo ndani, na lazima kuna mtu aliyeziandikia programu. Anayejua kusoma ujumbe wa kosa anaweza kuifanya kazi hiyo kwa laptopu ya mkono wa pili. Asiyejua atazidi kununua bodi nyingine, na itagoma vilevile.