Shuka Kuukuu na Tundu la Chandarua

Mjini shati likichakaa huwa tambara la kupigia deki, na habari yake huishia hapo. Katika bonde la Kilombero nguo ina safari ndefu kidogo. Kanga mpya ni ya harusini na msibani. Ikififia inabebea mtoto, ikichanika inakuwa nepi, halafu kata ya kichwani chini ya ndoo ya maji, na kipande cha mwisho huwa utambi wa koroboi. Kuna kazi nyingine tusiyoizungumza sana: kiraka cha chandarua.

Bonde lile ni la mpunga, na penye maji yaliyosimama mbu hawakosi. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia shamba, zikalala kibandani kwa wiki nyingi. Chandarua nacho husafiri, hukunjwa, hutundikwa kwenye miti na kukwaruzwa na makuti. Miaka ya mwisho ya 1990 mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Ndiyo maana nasema tundu la chandarua si jambo la kuchekea. Mbu hahitaji mlango.

Sasa fundi achague kitambaa gani? Chukua uzi mmoja wa nguo kuukuu, uuwashe, mbali na watoto. Pamba huacha majivu laini na kunuka kama karatasi iliyoungua. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba ndiyo ya kushikia sufuria na ya utambi. Ile inayoyeyuka itakuunguza vidole.

Kwa kiraka, shuka jepesi lililofuliwa mara nyingi ndilo bora, kwa sababu limekwisha kurudi na halitakunjamana tena. Kikate kikubwa kuliko tundu kwa upana wa vidole viwili pande zote, kunja pindo, shona kwa mishono midogo. Tundu dogo halihitaji kiraka, lishone kwa uzi tu. Na liwahi: tundu la kidole leo, wiki ijayo linapitisha kichwa cha mtoto. Kiraka chenyewe hakina dawa, kwa hiyo kisiwe kikubwa kupita haja. Kisha kianikwe kivulini, kwani jua hupunguza nguvu ya dawa.

Chandarua kilichochanika kabisa hakifai kuvulia samaki wala kufunikia chakula. Dawa yake ni sumu kwa samaki. Wala usikichome moto uani. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji kama kuna utaratibu wa kuvikusanya, na usikiondoe kitandani kabla ya kupata kingine.