Kampuni inunueje dhahabu ya Singida bila kununua jasho la mtoto?

Dhahabu ikishayeyushwa haina kumbukumbu. Haisemi nani aliichimba, alilipwa nini, wala kama aliyeikamatisha kwa zebaki alikuwa mtoto wa miaka 13.

Hapo ndipo kazi ilipo kwa kampuni inayonunua dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Iramba, Ikungi au Manyoni. Wanunuzi wa nje siku hizi wanauliza maswali. Ulaya ina kanuni ya ukaguzi kwa waingizaji wa dhahabu tangu Januari 2021, na Ujerumani ikaanza na sheria yake ya minyororo ya ugavi Januari 2023.

Jibu la "sisi hatuajiri watoto" halitoshi. Mtoto hayupo kwenye orodha ya mishahara ya kampuni. Yupo hatua kadhaa nyuma.

Mnyororo wenyewe uko hivi

Mawe yanatoka kwenye duara, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa, dhahabu inakamatishwa kwa zebaki, kisha zebaki inachomwa. Broka ananunua kidogo kidogo kwa watu wengi na kupeleka soko la madini. Dila ananunua, kiwanda kinasafisha. Mwisho wake ni pete, simu au akiba ya benki.

Masoko ya madini yaliyoanza mwaka 2019 yamesaidia kuweka bei wazi na mapato ya Serikali. Lakini mzani wa soko unapima uzito na usafi wa dhahabu. Haupimi umri wa aliyeichimba. Dhahabu ikifika pale, ya duara safi na ya duara chafu zimeshachanganyika.

Kwa hiyo kinga inafanyika shimoni na kwenye karasha. Ukisubiri mpaka sokoni, umechelewa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 mgodini. Mzazi kukubali hakubadilishi kitu.

Sababu ipo. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu migodi midogo ya Chunya, Geita na Kahama, ikieleza kuwa watoto, wengine wa miaka minane tu, walikuwa wakifanya kazi huko. Mvuke wa zebaki unaharibu mfumo wa fahamu, na mwili wa mtoto unaumia haraka zaidi.

Watu wazima nao wana haki zao. Wachimbaji wengi hawalipwi mshahara bali mgao wa mawe. Duara lisipotoa, mtu ametoka mtupu. Akiwa anadaiwa chakula na kukatazwa kuondoka mpaka alipe, hapo si deni tu tena. Hiyo ni kazi ya kulazimishwa.

Mambo matano ya kufanya

1. Lijue duara. Usiishie kwa broka. Kila mzigo uwe na namba ya leseni, jina la karasha, tarehe na uzito. Duara dogo likianza kuleta gramu nyingi kuliko uwezo wake, uliza zimetoka wapi.

2. Nenda bila taarifa. Ukipiga simu wiki moja kabla, hutakuta mtoto hata mmoja. Nenda Juni na Desemba shule zikiwa zimefungwa, na nenda jioni.

3. Ongea na watu bila bosi kuwepo. Kina mama wanaoponda na kuosha mawe, na mama lishe wa pale machimboni, wanajua nani anashuka shimoni.

4. Lipa bei inayowezekana. Huwezi kubana bei halafu ukadai glovu, nguzo imara za duara na kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki. Andika kwenye mkataba nani anagharamia nini.

5. Toa namba ya malalamiko, na isiwe ya mwenye duara. Anayelalamika akifukuzwa kesho yake, hakuna mwingine atakayepiga.

Mtoto akikutwa, je?

Kampuni nyingi hukimbilia kufuta jina la eneo zima kwenye orodha. Inaonekana safi kwenye karatasi, ila mtoto anahamia duara lingine ambalo halikaguliwi na mtu.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu inaitaka kampuni ipime kwanza madhara ya kuondoka. Kwa vitendo: simamisha kununua kwenye duara hilo mpaka lirekebishwe, mtoe mtoto siku hiyohiyo, na mhusishe afisa ustawi wa jamii. Kisha ulizia nyumbani. Ada ya shule imeondolewa, ila sare, madaftari na chakula bado vinahitaji hela. Kama kipato cha mtoto ndicho kilikuwa kinalisha familia, mpe kazi mtu mzima wa nyumba hiyo. Duara likigoma kurekebisha, hapo ondoka.

Na wewe msomaji?

Ukiona mtoto anafanya kazi machimboni, piga 116. Ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Ukifukuzwa kazi kwa uonevu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Ukichelewa utaanza kwanza kuomba ruhusa ya kusikilizwa.

Na kama una duara, anza daftari leo: jina la kila anayeshuka, umri wake, kitambulisho na mgao wake. Mnunuzi makini akifika, daftari hilo ndilo litakalokutofautisha na jirani yako.