Sabato bila friji: Jinsi chakula cha Ijumaa kinavyofika Jumamosi bila kukuangusha

Ijumaa alasiri Kendu Bay, Rongo na Awendo ina harufu yake. Vitunguu vinakaangwa kila ploti, chapati zinageuzwa, nyoyo imetokota tangu asubuhi, na dukani watu wanaulizia mkaa kabla jua halijatua. Mgeni anaweza kudhani kesho kuna harusi. Hakuna harusi. Kesho ni Sabato, na kwa maelfu ya familia za Waadventista katika kaunti za Homa Bay na Migori, jiko nalo linafaa kupumzika.

Sasa piga hesabu. Ukiepua sufuria saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, halafu mkae mezani Jumamosi saa saba mchana baada ya ibada, hicho chakula kimekaa saa ishirini. Nyumba nyingi hazina friji. Zilizo nayo zinategemea stima, na stima tunaijua tabia yake. Kukimbilia kibanda cha chipsi nako hakuna, kwa sababu kununua na kuuza siku ya Sabato ni kazi kama kazi nyingine. Imani inakwambia usipike, na tumbo linakwambia usilipe kitu kilichochacha.

Wanaobanwa zaidi ni vijana wanaoishi peke yao. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo ama cha Tom Mboya, aliyepanga chumba kimoja chenye mtungi wa gesi, sufuria mbili na dirisha dogo, hana mama wa kumuuliza, "Hii mboga bado iko sawa?" Makala haya ni yake, na ya yeyote anayekula viporo, awe wa Sabato ama la.

Mambo yalianzia Gendia

Mwaka wa 1906, Mkanada Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Malawi, walifika Nyanza na kufungua misheni ya Waadventista Gendia, karibu na Kendu Bay. Kutoka hapo kanisa likasambaa upande wa kusini hadi Kamagambo na Ranen, sehemu ambazo leo ziko Kaunti ya Migori. Pamoja na shule na zahanati, ikaja desturi mpya ya wiki: Sabato inaanza jua linapotua Ijumaa na kuisha jua linapotua Jumamosi. Ijumaa yenyewe ikapata jina kutoka kwenye Biblia, siku ya Maandalio.

Tuna bahati moja ya kijiografia. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo mwaka mzima jua hapa linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Mwadventista wa Ulaya kaskazini anahangaika: wakati wa kiangazi jua linakaa juu hadi usiku, na wakati wa baridi linazama alasiri akiwa bado kazini. Sisi saa zetu hazibadiliki sana. Ukichelewa kumaliza kupika Ijumaa, usisingizie jua.

Kupasha ni kupika?

Hapa ndipo nyumba hutofautiana. Kuna ambazo hawawashi hata kiberiti, wanakula chapati baridi na chai iliyokaa kwenye chupa. Kuna wanaopasha kitoweo na mboga lakini ugali lazima uwe ulipikwa jana, unakatwa vipande kama keki. Halafu kuna wale wanaosonga ugali mpya na kusema ni dakika kumi tu, hiyo si kazi. Mjadala wa ugali haujawahi kuisha, na sidhani utaisha kizazi hiki.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinaeleza Waisraeli walivyoagizwa kuoka na kuchemsha mana yao siku ya sita na kuweka akiba ya siku ya saba. Sura ya 35 inakataza kuwasha moto makaoni siku ya Sabato. Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa la Waadventista, aliyefariki 1915, aliacha ushauri wa katikati: kupika siku ya Sabato kuepukwe, lakini si lazima mtu ale chakula baridi, na wakati wa baridi kilichopikwa jana kinaweza kupashwa. Mjanja mmoja atasema Homa Bay hakuna baridi. Ni kweli. Ila ushauri wenyewe haulengi hali ya hewa tu. Unataka watu wasigeuze siku ya kupumzika kuwa siku ya jikoni, wala siku ya kutafuna mateso.

Wayahudi, ambao wamelitafuna swali hili kwa zaidi ya miaka elfu mbili, walienda ndani zaidi. Tunao jirani: kuna sinagogi Nairobi karibu na University Way, na upande wa pili wa mpaka, karibu na Mbale, kuna Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka wa 1919. Kwa Wayahudi wanaoshika sheria kikamilifu, kuwasha ama kuzima moto siku ya Sabato ni marufuku. Kwa hivyo moto unawashwa kabla jua halijatua Ijumaa na unaachwa uwake. Juu ya jiko wanaweka bati la kufunika moto, linaloitwa blech, neno la Kiyidishi lenye maana hiyo hiyo ya bati. Siku hizi wengi wanatumia sahani ya umeme. Chakula kikavu kilichoiva kinaweza kupashwa hapo kwa masharti, lakini mchuzi uliopoa kabisa wengi hawaurudishi motoni, kwa sababu kuuchemsha upya kunahesabiwa kuwa kupika. Hata taa ya ndani ya friji inafunguliwa Ijumaa, ili mtu akifungua mlango asiwashe kitu.

Sikukuu zao nyingine, kama Pasaka na Mwaka Mpya, zina sheria laini kidogo. Kupika kunaruhusiwa, ila huwezi kuanzisha moto mpya. Unachukua moto kutoka kwa mshumaa ama jiko lililokuwa likiwaka tangu kabla ya sikukuu. Mwaka Mpya wao ni siku mbili, na ukiangukia Alhamisi na Ijumaa unaunganika na Sabato: siku tatu mfululizo. Basi kabla ya sikukuu kuanza wanatenga mkate na kitu kilichopikwa, mara nyingi yai, kama ishara kwamba maandalizi ya Sabato yameshaanza. Hapo ndipo wanaruhusiwa kupika chakula cha Sabato Ijumaa.

Kitoweo chao maarufu, cholent, ni maharagwe, nyama na nafaka vinavyokaa motoni usiku kucha. Zamani Ulaya Mashariki, familia zilipeleka vyungu vyao kwenye tanuri la mwoka mikate wa mji Ijumaa, wakavichukua Jumamosi. Angalia siri ya kile chungu: hakipoi. Chakula kinachokaa juu ya nyuzi 60 hakiwapi bakteria nafasi ya kuzaana.

Usiige moto wa usiku

Kabla hujapata wazo la kuacha jiko la makaa likiwaka usiku ili nyoyo ibaki moto, simama hapo. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Bedsita ya dirisha moja si mahali pa jiko la usiku. Hata umeme una hatari yake. Machi 2015, mjini New York mtaa wa Brooklyn, watoto saba wa familia moja walikufa kwa moto ulioanzia kwenye kifaa cha kupashia chakula kilichoachwa kikiwaka kwa ajili ya Sabato. Sheria ya Wayahudi yenyewe inasema kuokoa maisha kunaishinda Sabato, kwa hivyo hakuna utakatifu unaopatikana kwa kulala karibu na hatari.

Kinachoangusha watu

Bakteria wanapenda nyuzi kati ya 5 na 60. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la chumba, na kikipashwa kifike angalau nyuzi 70 hadi ndani. Linganisha na zile saa ishirini zetu.

Wali ndio mnafiki mkubwa. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa usiku kucha kwenye sufuria yenye joto, mbegu zinaamka na kutoa sumu, na hiyo sumu haiondoki hata uupashe mpaka moshi utoke. Ndiyo maana mtu anakula wali uliopashwa vizuri na bado anatapika jioni. Nyama yenye mchuzi na maharagwe kwenye sufuria kubwa vina mwenzake, Clostridium perfringens, anayefurahia chungu kinachopoa polepole. Huyu ndiye anayefanya foleni ya choo kuwa ndefu baada ya watu wengi kula pamoja.

Hotipoti haitatui hili. Imetengenezwa kutunza joto kwa saa chache. Ikikesha, inageuka kuwa kitanda kizuri cha bakteria: vuguvugu, unyevu na giza. Kile kikapu cha kupikia bila moto, kilichojazwa nguo na sponji, ni kizuri kwa kumalizia nyoyo Ijumaa mchana na kuokoa gesi. Usikiweke chakula humo mpaka kesho.

Menyu ya Ijumaa inayofika Jumamosi

Ukiwa na friji inayofanya kazi, mengi yanawezekana, ukizingatia jambo moja: chakula kiingie kikiwa kimepoa haraka. Kigawe kwenye vyombo vidogo visivyo na kina, weka sufuria ndani ya karai la maji baridi, koroga, halafu kiingize friji ndani ya saa mbili. Kesho pasha kiasi cha kula tu, mara moja tu, mpaka kitokote chote.

Bila friji, chagua vitu vikavu. Chapati na mandazi vinalala bila neno. Omena iliyokaangwa ikakauka kabisa inavumilia kuliko omena ya mchuzi. Viazi vitamu ama nduma vilivyochemshwa, vikiwekwa na maganda yake mahali penye hewa, vinafika. Njugu, ndizi mbivu, maembe, parachichi na mkate havihitaji hata jiko. Nyanya na vitunguu vya kachumbari kata Jumamosi yenyewe. Kisu si moto. Samaki mbichi wa mchuzi, wali, nyama na maziwa yasiyochemshwa waachie Ijumaa usiku: vipikwe, viliwe, viishe.

Vipi kuhusu ile mboga ya dani? Waluo wamelaza mboga tangu zamani. Osuga na dek huchanganywa na maziwa na kurudishwa motoni siku baada ya siku, na uchungu unapungua hadi siku ya tatu mboga inakuwa tamu kuliko ya kwanza. Dani hakuwa anabahatisha. Chungu chake kilichemshwa asubuhi na jioni, kila siku. Wewe ukichemsha mara moja Ijumaa na kufunika mpaka Jumamosi alasiri, umechukua nusu ya ujuzi wake. Kama nyumba yenu inaruhusu kupasha, ichemshe mboga Ijumaa usiku kabla ya kulala kwa kutumia moto uliokuwepo, kisha Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda kanisani. Kama hairuhusu, mboga iliwe Ijumaa.

Na nani anapumzika?

Kuna jambo ambalo mahubiri hulipita haraka. Kazi ya Jumamosi ikihamishiwa Ijumaa, haipotei. Mtu anaifanya, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, binti anayetoka shule saa tisa, ama dada wa kazi. Ijumaa jioni wamechoka hoi, huku vijana wa kiume wamekaa sebuleni wakingoja wimbo wa kufungua Sabato. Kesho yake vyombo vinangoja, na wanaovisafisha jua likitua ni wale wale.

Amri yenyewe, ukiisoma Kutoka sura ya 20, haimtaji baba peke yake. Inamtaja binti, inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, inataja hata mifugo. Nyumba ambayo ng'ombe anapumzika na binti hapumziki imesoma nusu ya mstari.

Kwa hivyo omera, Ijumaa hii kabla hujauliza kuna chakula gani, chukua ungwaja ukafagie jikoni, menya vitunguu, sukuma chapati hata zikitoka na umbo la ramani ya Kenya. Teka maji ya karai la kupozea sufuria. Saa kumi na mbili jiko likizimwa, kila mtu aoge na kukaa chini wakati mmoja. Chakula kitakuwa kikavu, kitakuwa salama, na aliyekipika atakuwa na nguvu ya kukila.