Vitabu vya vita vya Wamarekani Somalia vyawaruka Wabajuni

KISMAYO. Mfanyabiashara anayepanda jahazi Lamu kwenda Kismayo hupita Ras Kamboni, kisha visiwa vya Wabajuni, vikiwemo Chula, Chovai na Koyama. Wenyeji wa visiwa hivyo huzungumza Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Pwani hiyo imewaona wanajeshi wa Marekani zaidi ya mara moja, lakini anayetafuta kitabu kuhusu habari hizo atapewa kwanza kitabu cha Mogadishu.

Kitabu hicho ni Black Hawk Down cha Mark Bowden, kilichotoka 1999 na kutengenezewa filamu 2001. Kinasimulia mapigano ya Oktoba 3 na 4, 1993, yaliyoua wanajeshi 18 wa Marekani. Bowden alizungumza na Wasomali pia, lakini macho ya msomaji yanabaki kwa askari waliokwama mitaani. Wasomali waliouawa walikuwa mamia, na wengi hawatajwi majina.

Vipo vitabu vinavyotazama upande mwingine. John Hirsch na Robert Oakley, wanadiplomasia wa Marekani waliokuwapo Somalia, walieleza mwaka 1995 jinsi operesheni ya kulinda chakula cha msaada ilivyoendeshwa. Mohamed Sahnoun wa Algeria, mjumbe wa Umoja wa Mataifa aliyejiuzulu 1992, aliandika 1994 kwamba nafasi za kuzuia maafa zilipotezwa mapema, kabla ya askari kutua. Nuruddin Farah, katika riwaya yake Links, anawapa sauti wenyeji wa Mogadishu.

Mfanyabiashara mzoefu haulizi bei duka moja akaondoka. Kwa vita pia ni hivyo: mwenye kusoma kitabu kimoja amesikia muuzaji mmoja.

Hata hivyo, vitabu vyote hivyo vinaitazama zaidi Mogadishu. Desemba 20, 1992, wanamaji wa Marekani na makomando wa Ubelgiji walitua Kismayo kwa sababu bandari yake ilikuwa mlango wa chakula cha msaada. Januari 2007, ndege za Marekani zilishambulia karibu na Ras Kamboni zikiwasaka watuhumiwa wa milipuko ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam ya 1998. Jeshi la Kenya, lililoingia Kismayo 2012, lilichapisha kitabu chake 2014. Nacho ni simulizi la askari.

Wabajuni hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda serikali ilipoanguka 1991. Wengi walikimbia kwa mashua hadi Kenya, baadhi wakaishi kambi ya Jomvu, Mombasa. Waliofika Uingereza kuomba hifadhi waliulizwa habari za visiwa vyao na kupimwa lahaja yao, ili kuthibitisha kuwa ni Wabajuni kweli. Majibu yao yalilinganishwa na maandishi ya wageni. Hapo upungufu wa vitabu uliweza kuamua nani abaki na nani arudishwe.

Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Mtoto aliyezaliwa 1991 sasa ni mtu mzima, na wazee waliovuka bahari mwaka huo wanazidi kupungua. Wanayoyakumbuka yako katika lugha inayosomwa kuanzia Lamu hadi Bujumbura, na hayahitaji mkalimani. Yanahitaji mtu wa kuyaandika wakati wenyewe bado wapo.