Kuiba saa kwenye usingizi: tunafaidika au tunajimaliza?

Sisi tunaobeba boksi ughaibuni tunajua jinsi saa 24 zisivyotosha. Usiku zamu, mchana shule, jioni simu kutoka nyumbani kuhusu ada za wadogo zetu. Wengi wetu tumejaribu dawa moja: kulala vipande vipande, nusu saa kwenye basi, dakika 20 wakati wa mapumziko, basi.

Mtindo huu si mgeni. Mwaka 1943 jarida la Time lilieleza jinsi mbunifu wa Kimarekani, Buckminster Fuller, alivyolala nusu saa kila baada ya saa sita, yaani saa mbili tu kwa siku. Aliendelea hivyo miaka miwili, kisha akaacha kwa sababu washirika wake wa kazi walilala kama watu wengine.

Lakini mwili hausamehe deni. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya watu waliolala saa nne au sita kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka kama wa mtu aliyekesha usiku mzima, wengine hata usiku wa pili, ila wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu zetu. Anayeshika usukani asubuhi baada ya zamu hajijui. Wataalamu wanashauri mtu mzima alale angalau saa saba. Nyumbani wanasubiri pesa, ni kweli, lakini wanatusubiri na sisi pia.